Pampu ya Saa Tisa

Tkh. Ngurr. Tkh.
Saa tisa na robo ya usiku, Tudor imelala,
na juu ya kichwa changu, kwenye sakafu ya paa,
pampu imeamka peke yake.
Sekunde tatu, ikanyamaza.
Nikahesabu hadi kumi na moja. Tkh.

Ina miezi minne tu. Niliinunua Mwembe Tayari,
nikavutana bei hadi muuzaji akaniuliza
kama mimi ni mwalimu wa hesabu.
Ndimi.
Maji ya jua yalikuwa yakishuka kwa uvivu,
ya moto, lakini membamba kama uzi wa cherehani,
na magoti ya mama mkwe hayataki baridi.
Mwanawe yuko Doha. Magoti ameniachia mimi.

Fundi Katana alikuja Jumanne,
akatega sikio kwenye chuma, akafumba macho,
akasema: "Hii imekufa, dada. Nunua nyengine."
"Iliyokufa huamka saa tisa?"
Akacheka, akachukua mia tano, akashuka ngazi.

Basi Jumamosi nikapanda mwenyewe,
leso kiunoni, bisibisi mdomoni.
Umeme: tesa ikawaka jicho jekundu.
Tangi: limejaa, nimezamisha mkono hadi kiwiko.
Hewa: nikalegeza skrubu, ikatema mate,
ikapumua, ikatulia.
Valvu ya kuzuia maji yasirudi, hiyo nilidhani ndiyo.
Ndani yake chumvi ya kisima imeganda kama ukoko wa wali.
Nikaikwangua kwa kisu cha jikoni, nikailaza kwenye siki
hadi adhuhuri, nikairudisha ikimeta.
Mwisho swichi ya mkondo: kijisumaku
kama punje ya mbaazi, kazi yake kungoja.
Maji yakipita, kinanyanyuka, pampu inaamka.
Maji yakikoma, kinaanguka, pampu inalala.
Nikakipuliza. Kikaruka, kikarudi mahali pake.
Hakina kosa.
Nikashuka na jua mgongoni, nimejipongeza.

Usiku ule ule:
tkh, ngurr, tkh.

Panavuja, basi. Hapakubaki jengine.
Nikazunguka nyumba na tochi, pekupeku,
nikipapasa viungo vya bomba kimoja kimoja,
chini ya sinki, nyuma ya choo, kwenye kona ya ngazi
ambako rangi imebambuka.
Kukavu. Kukavu. Kukavu kama chaki.

Mlango wa bafu la nyuma uko nusu wazi.
Taa hakuwasha.
Bi Mwanatumu amekaa juu ya kibago,
mfereji ameufungua kadiri ya unywele,
na maji yanashuka kiganjani bila sauti yoyote.
Anatawadha. Mkono wa kulia, hadi kiwiko,
uzi unanenepa kidogo: tkh.
Uzi unakonda: tkh.

"Nimekuamsha?"
"La, mama."
"Nafungua kidogo tu, mwanangu. Mashine yako ina kelele,
na wewe una shule asubuhi."

Nilisimama na tochi yangu imeelekea sakafuni.
Kitabu cha maelekezo kina kurasa thelathini na mbili,
jedwali zima la hitilafu na sababu zake.
Hii haimo.

Asubuhi nilikata kandambili kuukuu, za buluu,
vipande vinne, nikaviweka chini ya miguu ya pampu.
Nikamwambia: "Fungua yote, mama. Yote.
Ikipata maji ya kutosha, hainung'uniki."
Akaitikia. Usiku wa kwanza ilivuma
mvumo mmoja mrefu, mzito, kwa mbali,
na mimi macho yangu dari, nikiitafuta ile tkh.

Usiku wa tatu ikarudi.
Mkono uliobeba ndoo miaka hamsini
haujui kufungua mfereji kwa fujo.
Sikuinuka. Nikahesabu.
Sasa anasukutua. Sasa uso.
Sasa mkono wa kulia, mara tatu,
sasa wa kushoto,
nikashikwa na usingizi kabla hajafika miguuni.